Kuganda, Kuganduka na Kuwa Kiowevu: Historia ya Majaribio ya Mchanga wa Baridi na Fundisho Lake kwa Istilahi Zetu

Utangulizi

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kutoka pwani kwenda nchi ya Wachaga, aliona kilele cha Kilimanjaro kimefunikwa na weupe uliong'aa juani. Kiongozi wake wa njia aliutaja weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann mwenyewe alitambua mara moja kwamba kile alichokiona ni theluji. Habari zake zilipofika Ulaya zilipingwa kwa ukali na baadhi ya wanajiografia, hasa William Desborough Cooley wa London, ambao hawakukubali kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa ili kuonyesha kwamba lugha ya pwani haikuwa na jina la kitu kile. Mimi nakileta hapa kwa sababu nyingine. Kiongozi yule hakukosea. Yeye alitaja hali ya joto ya kitu, na Rebmann akataja maada yake. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na wanasayansi walichukua muda mrefu kuyatenganisha katika lugha zao wenyewe. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mchanga uliogandishwa, na mchanga ambao barafu yake imeondoka, ulivyopata kuchunguzwa katika maabara za Urusi, Marekani na Japani, na jinsi majina yalivyosaidia au kupotosha uchunguzi huo. Mwisho nitapendekeza namna ya kutumia maneno yetu wenyewe ili kosa la wenzetu lisirudiwe kwa Kiswahili.

Huenda msomaji akauliza: sisi wakazi wa nchi za joto tuna haja gani na mchanga wa barafu? Jibu ni kwamba taarifa za majaribio hayo zimekuwa sehemu ya elimu ya misingi ya majengo na ya matetemeko ya ardhi, na elimu hiyo hufundishwa kwa wahandisi wetu pia. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilitukumbusha kwamba nchi zetu hazimo nje ya mambo haya. Mfasiri atakayepewa taarifa ya namna hiyo atakutana na shida ambayo naweza kuionyesha kwa sentensi moja niliyoitunga mwenyewe: "Baada ya kuyeyuka, sampuli ya mchanga ilitikiswa mpaka ikayeyuka." Sentensi hii ni Kiswahili safi, lakini haina maana. Kuyeyuka kwa kwanza ni barafu kugeuka maji. Kuyeyuka kwa pili ni mchanga wote kupoteza uimara wake na kutiririka kama uji. Mhandisi akiyachanganya mawili hayo, hatajua kama jengo lake limo salama au limo hatarini.

Ardhi inayoitwa ya milele

Watu wa Siberia walijua tangu zamani kwamba ardhi yao haiachi kuganda hata wakati wa kiangazi. Wasomi wa Ulaya walisitasita kuamini, kama walivyositasita kuhusu theluji ya Kilimanjaro. Katika mji wa Yakutsk, Fedor Shergin, mtumishi wa kampuni ya biashara, alianza kuchimba kisima mwaka 1828 akitafuta maji. Alichimba mpaka mwaka 1837, akafika kina cha mita 116 hivi, na bado ardhi ilikuwa imeganda. Maji hakupata, lakini aliwaachia wanasayansi shimo lenye thamani kubwa. Katika miaka ya 1840 Alexander von Middendorff alishusha vipimajoto ndani ya shimo lile, akathibitisha kwamba baridi ilikuwa chini ya sifuri mpaka chini kabisa, ingawa ilipungua kadiri alivyoshuka.

Kwa muda mrefu mambo yalibaki hapo, yaani katika kupima joto tu. Ujenzi wa reli ya kuvuka Siberia, ulioanza mwaka 1891, ndio uliolazimisha maswali mengine. Majengo yaliyopashwa moto yaliyeyusha barafu iliyokuwa chini yake, yakazama upande na kupasuka. Ikawa haitoshi tena kujua kwamba ardhi ni ya baridi. Ilibidi kujua inabeba uzito gani ikiwa imeganda, na inabakiwa na nguvu gani barafu ikiisha.

Mwaka 1927 Mikhail Sumgin alichapisha kitabu kikubwa cha kwanza cha Kirusi juu ya ardhi hiyo, na ndani yake akaeneza jina lenye maana ya "mgando wa milele". Jina lilipendeza masikioni na likashika. Hata hivyo wataalamu wenzake walilalamika kwamba linasema uongo: ardhi hiyo ina mwanzo wake, na hali ya hewa ikibadilika au mtu akiwasha jiko juu yake, mwisho wake hufika. Ndiyo sababu katika maandishi ya kitaalamu ya Kirusi jina linalopendelewa siku hizi ni lile lenye maana ya "iliyoganda kwa miaka mingi".

Mwaka 1943 Siemon Muller, mwanajiolojia wa Marekani aliyejua Kirusi, alikusanya elimu ya Warusi kwa ajili ya jeshi la nchi yake. Kwa kuchoka kurudia maneno marefu aliunda neno fupi la Kiingereza kwa kuunganisha sehemu ya neno "a kudumu" na neno "jalidi". Lililo muhimu kwetu ni maana aliyolipa. Muller aliamua kwamba ardhi itaitwa kwa jina hilo kwa kipimo cha joto pekee: ikiwa imekaa chini ya kiwango cha kuganda kwa muda wa miaka miwili au zaidi, basi inastahili jina, iwe ni mwamba, mchanga au tope, iwe ina maji au haina. Kwa maneno mengine, jina lilisema "imeganda" lakini maana ilisema "ni baridi". Mwaka 1946 Kirk Bryan alijaribu kusafisha uwanja mzima kwa kupendekeza mfululizo wa majina mapya yenye mizizi ya Kilatini na Kigiriki. Majina yake yalikuwa na mantiki, lakini wengi waliendelea na neno la Muller. Hapa pana onyo kwa kila aundaye istilahi: usahihi peke yake hauliokoi neno ambalo mtumiaji haoni wepesi wake.

Maabara yatengua dhana

Wakati huo huo wahandisi wa barabara walikuwa wakisumbuliwa na jambo jingine. Kila majira ya baridi barabara za kaskazini ziliinuka na kupasuka, na kila majira ya kuchipua zilikuwa tope. Maelezo yaliyokubaliwa yalikuwa mepesi: maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kiasi cha asilimia 9, basi udongo wenye maji nao lazima uongezeke.

Stephen Taber, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha South Carolina, hakuridhika. Katika maandishi yake ya mwaka 1929 na 1930 alieleza majaribio aliyoyafanya kwa udongo uliogandishwa kutoka juu kwenda chini. Aliona kwamba udongo laini uliweza kuinuka zaidi sana kuliko hesabu ya asilimia 9, kwa sababu ulifyonza maji mapya kutoka chini, na maji hayo yakajikusanya kuwa matabaka ya barafu tupu. Kisha alifanya jaribio ambalo halikuacha nafasi ya ubishi. Badala ya maji alitumia benzeni, kiowevu ambacho hupungua ukubwa kinapoganda. Udongo uliinuka vilevile. Hivyo ikadhihirika kwamba chanzo cha kuinuka ni safari ya kiowevu kuelekea mahali panapoganda.

Kwa historia yetu jambo lililobaki nyuma ya ugunduzi huo ni kubwa pia: mchanga safi haukufanya hivyo. Chembe zake ni kubwa, nafasi baina yake ni pana, na nguvu ya kufyonza ni ndogo. Maji ya ziada yanayotokana na kuganda husukumwa mbele na kutoka, mradi yameachiwa njia. Arthur Casagrande, aliyechunguza barabara za New Hampshire katika majira ya baridi ya 1928 na 1929, alitoa kipimo kilichotumika kwa miaka mingi baadaye: udongo wenye chembe za ukubwa mbalimbali ni wa kutiliwa shaka ukiwa na zaidi ya asilimia 3 ya chembe zilizo ndogo kuliko milimita 0.02, na udongo wenye chembe zinazolingana sana ni wa kutiliwa shaka ukiwa na zaidi ya asilimia 10 ya chembe hizo. Tazama jinsi neno "mchanga" lilivyopata mpaka wa namba. Mchanga wenye tope kidogo tu ndani yake, ambao kwa macho ni mchanga kama mwingine wowote, huinuka. Ulio safi hauinuki.

Upande wa Urusi, Nikolai Tsytovich aliyekuwa mhandisi alishirikiana na Sumgin, na mwaka 1937 wakatoa kitabu cha msingi cha mekanika ya udongo ulioganda. Tsytovich alionyesha kwamba udongo ulio chini ya sifuri si lazima uwe umeganda wote. Maji fulani hubaki kuwa maji, yakiwa yameshikamana na chembe kama utando mwembamba. Katika udongo wa mfinyanzi maji hayo ni mengi. Katika mchanga safi ni machache sana. Ndiyo maana mchanga uliolowa huganda kwa haraka na kwa ukamilifu, na ukishaganda huwa mgumu karibu kama zege hafifu.

Kutokana na elimu hiyo Warusi waligawa udongo wa baridi katika aina tatu: ulioganda mkavu na mgumu, ulioganda lakini bado unanyumbuka, na ule ulio chini ya sifuri ambao chembe zake hazikushikana. Aina hii ya tatu ni ya mchanga na changarawe hasa. Mchanga usio na maji, hata ukipozwa nyuzi 20 chini ya sifuri, humwagika mkononi kama mchanga wa ufukweni. Je, huo umeganda? Kwa kipimajoto, ndiyo. Kwa mhandisi, hapana. Kama tungelikuwa na kiongozi wa Rebmann karibu, angetupa neno: huo ni mchanga baridi.

Mchanga ulioganda wawekwa chini ya uzito

Jaribio la uimara wa mchanga ulioganda lilikopwa kutoka jaribio la kawaida la udongo. Sampuli ya umbo la mcheduara hufungwa ndani ya kifuko cha mpira, huwekwa katika chombo kilichojaa kiowevu chenye shinikizo, ili ibanwe pande zote, kisha hugandamizwa kutoka juu mpaka ishindwe. Tofauti ni kwamba kila kitu lazima kibaki katika baridi isiyobadilika, mara nyingi ndani ya chumba cha baridi. Nyuzi moja au mbili za joto hubadili jibu, hasa karibu na sifuri.

Wachunguzi waligundua upesi kwamba jibu lategemea pia mwendo wa jaribio. Sampuli ikigandamizwa kwa haraka huonyesha nguvu nyingi. Ikibebeshwa uzito mdogo zaidi na kuachwa kwa siku nyingi, hunywea polepole, na huweza kuvunjika chini ya uzito ambao siku ya kwanza ilionekana kuubeba bila taabu. Barafu iliyo baina ya chembe hutambaa, na mzigo huhama kidogo kidogo kutoka kwenye barafu kwenda kwenye chembe zenyewe. Sergei Vyalov wa Urusi ndiye aliyelifanya jambo hili kuwa somo kamili katika miaka ya 1950, akatofautisha uimara wa muda mfupi na uimara wa muda mrefu. Huko Marekani, jeshi lilianzisha mwaka 1961 maabara ya nchi za baridi katika mji wa Hanover, New Hampshire, na humo Francis Sayles alitoa mwaka 1968 taarifa juu ya kutambaa kwa mchanga ulioganda.

Mfasiri wa taarifa hizo na awe macho. Mojawapo ya michanga iliyotumiwa sana katika majaribio hayo huitwa mchanga wa Ottawa. Ottawa hiyo si mji mkuu wa Kanada, bali ni mji mdogo katika jimbo la Illinois, ambako mchanga mweupe wa kwatzi huchimbwa. Kadhalika "mchanga laini wa Manchester" hautoki Uingereza, bali Manchester ya New Hampshire.

Mchanga wa Niigata

Tarehe 16 Juni 1964 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Niigata, pwani ya magharibi ya Japani. Mji umejengwa juu ya mchanga uliojaa maji. Huko Kawagishi-cho majengo ya ghorofa yaliinama, na moja likalala karibu ubavu, ingawa kuta zake hazikuvunjika. Daraja la Showa, lililokuwa jipya, liliangusha vipande vyake mtoni. Mchanga uliokuwa chini ulikuwa umepoteza nguvu kwa dakika chache. Chembe zilipotikiswa zilitaka kukaribiana. Maji yaliyokuwa baina yake hayakupata njia ya kutoka. Basi uzito wa jengo ukabebwa na maji, na maji hayana uwezo wa kuzuia kitu kisizame.

Harry Seed na Kenneth Lee wa Berkeley walitoa mwaka 1966 matokeo ya jaribio lililoiga jambo hilo katika maabara: sampuli ya mchanga iliyojaa maji ilikandamizwa na kuachiwa mara nyingi mpaka ikalegea. Lakini walitumia mchanga uliopangwa upya kwa mikono. Swali likabaki: mchanga ulioko ardhini kwa maelfu ya miaka una nguvu gani? Kuupata haukuwa wepesi. Bomba la kuchukulia sampuli likipigwa ndani ya mchanga, mchanga uliolegea hushindiliwa na ulioshindiliwa hulegezwa. Kinachofika maabara ni chembe zilezile, lakini mpangilio wake umepotea, na uimara wa mchanga umo katika mpangilio huo.

Hapa ndipo elimu ya Taber ilipopata kazi ambayo hakuikusudia. Ikiwa mchanga safi hauinuki unapoganda, na maji yake ya ziada hutoka bila kuzisukuma chembe, basi barafu yaweza kutumika kama gundi ya muda. Mwaka 1978 Yoshiaki Yoshimi na wenzake wa Japani walieleza njia yao. Bomba huteremshwa ardhini. Ndani yake hupitishwa kitu chenye baridi kali. Mchanga unaolizunguka huganda kutoka ndani kwenda nje, na maji ya ziada yakikimbilia upande ambao bado haujaganda. Nguzo ya mchanga ulioganda hutolewa, husafirishwa ikiwa katika baridi, na hukatwa kama ubao. Katika maabara kipande hufungwa ndani ya kifuko cha mpira na kubanwa kwa shinikizo kwanza. Baada ya kubanwa ndipo barafu huachwa iishe polepole, maji yakiwa na njia ya kuingia na kutoka. Utaratibu huu haupinduliwi: sampuli ikiachwa barafu iishe kabla ya kubanwa, hubaki rundo la mchanga mezani.

Walitakiwa pia kuthibitisha kwamba safari hiyo ya kwenda kwenye barafu na kurudi haikuacha alama. Walitengeneza sampuli pacha. Moja haikugandishwa kamwe, nyingine iligandishwa kisha ikarudishwa, na zote mbili zikajaribiwa. Kwa mchanga safi, uliogandishwa kutoka upande mmoja na chini ya shinikizo, tofauti ilikuwa ndogo. Mwaka 1982 Sukhmander Singh, Seed na Clarence Chan walionyesha huko Marekani kwamba hata athari ya mitikisiko midogo ambayo sampuli iliipata zamani ilihifadhiwa katika barafu. Na mwaka 1984 Yoshimi na wenzake walipoujaribu mchanga wa Niigata wenyewe, waliona kwamba mchanga ulioshindiliwa uliochukuliwa kwa kugandishwa ulikuwa na uimara uliokaribia maradufu ya ule uliochukuliwa kwa bomba. Yaani bomba lilikuwa likiushushia mchanga mzuri sifa yake.

Hata wakati huo mzozo wa majina haukukoma. Casagrande, akiwa mzee, aliandika mwaka 1975 kwamba wenzake wanaliita kwa jina moja jambo ambalo kwa kweli ni mambo mawili: mchanga uliolegea unaotiririka kabisa, na mchanga ulioshindiliwa unaolegea kidogo kidogo kila unapotikiswa kisha ukajishika tena. Gonzalo Castro aliyekuwa mwanafunzi wake alipendekeza jina la pekee kwa hilo la pili. Haukuwa ubishi wa maneno matupu. Jambo la kwanza huangusha mabwawa. La pili mara nyingi hupasua kuta tu.

Mapendekezo juu ya istilahi

Sasa na tuitazame lugha yetu. Neno "kuganda" lina watumishi wengi: damu huganda, maziwa huganda, mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, na mtu aliyeshtuka huganda. "Kuyeyuka" nalo hutumika kwa samli motoni, kwa risasi ya mhunzi, kwa sukari ndani ya chai na kwa barafu juani. Upana huo ni utajiri katika mazungumzo. Katika taarifa ya maabara ni mtego. Napendekeza basi tofauti tano.

Kwanza, "mchanga baridi" litumike kwa mchanga ulio chini ya sifuri bila barafu ya kuushikanisha. Ni neno la kawaida, na kipimajoto ndicho shahidi wake.

Pili, "mchanga ulioganda" litumike pale tu ambapo maji yaliyomo yamekuwa barafu na chembe zimeshikana. Ukiwa umefanywa hivyo na binadamu uitwe "mchanga uliogandishwa".

Tatu, hali ya kurudi kutoka kwenye barafu iitwe "kuganduka", na tendo lake "kugandua". Kiswahili kina desturi ya kutengua kitenzi kwa kiambishi: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Kugandua katika matumizi ya kawaida ni kutenganisha vitu vilivyogandamana, na hilo ndilo hasa linalotokea chembe zinapoachiliwa na barafu. Wajapani nao wamelijenga neno lao la jambo hili kwa alama mbili, ya "kufungua" na ya "kuganda". Kuna pingamizi moja ya haki: "uliogandishwa" na "uliogandushwa" zatofautiana kwa irabu moja, na kosa la mpiga chapa laweza kugeuza maana ya ukurasa mzima. Kwa hiyo katika kauli ya kutendwa tuandike "ulioganduliwa", na tuliepuke hilo jingine kabisa.

Nne, "kuyeyuka" libakie kwa barafu yenyewe. Barafu huyeyuka, mchanga huganduka. Chembe ya mchanga haiyeyuki ila katika tanuri la kioo.

Tano, lile lililotokea Niigata liitwe "mchanga kuwa kiowevu", na hali yenyewe "uowevu wa mchanga". Wako wanaopenda "kumiminika", lakini mchanga mkavu humiminika kila siku katika ndoo ya fundi mwashi bila jengo lolote kuanguka. Wajapani hapa pia wamesema waziwazi: neno lao lamaanisha kuingia katika hali ya kiowevu.

Kuhusu ardhi ya Siberia, tusifasiri neno "milele" ambalo wenyewe wamekwisha kulijutia. "Ardhi iliyoganda miaka mingi" ni refu, lakini halimdanganyi mtu. Na pale ambapo mwandishi amefuata maana ya Muller, yaani joto tupu bila kujali maji, tafsiri ya haki ni "ardhi baridi ya miaka mingi".

Kwa tofauti hizi, sentensi niliyoitunga mwanzoni yaweza kuandikwa upya: "Baada ya kuganduka, sampuli ya mchanga ilitikiswa mpaka ikawa kiowevu." Maneno ni yaleyale ya nyumbani, na mhandisi hatapotea.

Hitimisho

Mapendekezo haya yatapimwa na walimu na wafasiri watakaoyatumia, kwani neno lisilotamkwa darasani hufia kwenye orodha, kama yalivyokufa mengi ya Bryan. Lakini historia tuliyoipitia yatuonyesha jambo la kushika. Kila mara jina lilipochanganya hali mbili, watu walijenga juu ya mchanga wasioujua: waliosema "milele" walishangaa ardhi ilipolainika, na waliosema "maji huongezeka" walitengeneza barabara zilizopasuka. Kila mara jaribio lilipotenganisha hali hizo, majina nayo yalilazimika kutengana.

Kiongozi wa Rebmann aliyesema "baridi" alitaja alichokijua kwa hakika, wala hakuongeza. Mfasiri wa taarifa ya maabara hana haja ya kufanya zaidi ya hapo: ataje joto pale palipopimwa joto, barafu pale palipo na barafu, na kiowevu pale ambapo ardhi imeacha kuwa ardhi.